MAARIFA YA MASHINE: Injini ya Mashine ya Kukata Majani na Daftari Lake

Wasomaji wa safu hii wengi wao ni wakulima na makarani, na huenda baadhi yao wakashangaa kuona kwamba juma hili twaandika habari za mashine ya kukata majani, ile ambayo dereva huikalia kitini na kuiendesha kama trekta dogo. Watasema kwamba chombo hicho ni cha viwanja vya gofu na cha bustani za matajiri. Walakini mtu akitazama vizuri ataiona mashine hiyo katika viwanja vya shule za sekondari, katika hospitali, katika makao ya kanisa, kando ya viwanja vidogo vya ndege, na katika nyua za ofisi za serikali. Mara nyingi imenunuliwa kwa fedha za watu wengi, yaani karo za wazazi, michango ya waumini au kodi ya wananchi. Tena injini yake ni ndugu wa injini ya pampu ya maji, ya mashine ya kukatia malisho ya ng'ombe, na ya jenereta ndogo. Aliyejifunza kuitunza moja, ameweza kuzitunza zote.

Jambo tunalotaka kulisema leo ni hili. Injini ndogo ya namna hiyo kwa kawaida haifi kwa uzee. Hufa kwa kukosa oili, au kwa kuvuta vumbi, au kwa kupata joto lisilokuwa na mahali pa kutokea. Mambo hayo matatu hayahitaji fundi mkuu wala duka la vyuma. Yahitaji robo saa ya kazi, kitambaa safi, oili kidogo, na daftari la kuandikia saa ambazo injini imefanya kazi.

Kwanza tuieleze asili ya chombo chenyewe. Mashine ya kukata majani ilibuniwa Uingereza na Edwin Beard Budding karibu na mji wa Stroud, naye alipewa hati ya kuimiliki mwaka wa 1830. Wazo lake alilipata katika viwanda vya nguo, ambako kulikuwa na mashine ya kunyoa manyoya juu ya kitambaa. Kwa miaka mingi mashine hizo zilisukumwa na watu au kukokotwa na farasi, mpaka zilipoanza kutiwa injini za petroli mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi nasi tuna sehemu yetu katika habari hiyo, kwa maana majani yale manene yajulikanayo duniani kama majani ya Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na kutoka huku yalipelekwa mpaka Afrika ya Kusini na Australia. Kila aliyepata kuyakata wakati wa mvua ajua kwamba yanashikamana kama mkeka, na kwamba mashine hulia kwa uzito wake. Basi injini zetu hupata kazi ngumu kuliko nyingine nyingi, nazo zastahili kutunzwa zaidi.

JINSI INJINI INAVYOFANYA KAZI

Injini hiyo ni ya hatua nne, kwa kanuni ile ile aliyoifanikisha Mjerumani Nikolaus Otto mwaka wa 1876. Katika hatua ya kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Katika hatua ya pili hupanda na kuibana. Katika hatua ya tatu plagi hutoa cheche, moto hulipuka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Katika hatua ya nne hupanda tena na kuutoa moshi nje. Kisha kazi huanza upya.

Dereva akiisha kuvuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, injini nyingi za mashine hizi huzunguka karibu mara 3,600 kwa dakika moja, maana yake mara 60 kwa kila sekunde. Sisi makarani tumezoea hesabu, basi na tuendelee. Kwa saa moja injini huzunguka mara 216,000. Kwa saa 50 huzunguka mara 10,800,000. Katika muda huo wote kitu pekee kinachozuia chuma kisisage chuma ni utando mwembamba wa oili, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikosekana kwa dakika chache tu, pistoni huvimba kwa joto na kukamata ndani ya silinda, na hapo injini imekwisha.

Kwa sababu hiyo umri wa injini hii hauhesabiwi kwa miezi, wala hauhesabiwi kwa maili kama wa motokaa. Huhesabiwa kwa saa. Motokaa ikienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, katika saa 50 itakuwa imesafiri kilomita 3,000. Mwenye motokaa huziona kilomita hizo mbele ya macho yake. Lakini mashine ya majani huzunguka uwanjani pale pale, na jioni hulala chini ya paa lile lile, hata watu wakadhani kwamba haijafanya safari yoyote.

OILI

Kila siku kabla ya kuwasha, oili ipimwe. Mashine isimame mahali tambarare, injini iwe imepoa. Safisha kwanza vumbi na majani kuzunguka kizibo, yasije yakaanguka ndani. Toa kijiti cha kupimia, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe kama kitabu cha maagizo kinavyoeleza, kisha kitoe tena na kusoma. Oili yapasa kufika karibu na alama ya juu. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo, ngoja dakika moja, upime tena. Wala usipite alama ya juu kwa kudhani kwamba wingi ni neema. Oili ikizidi hupigwapigwa na kutoka povu, hupenya penye silinda, na mashine hutoa moshi mzito.

Tazama pia rangi na harufu. Oili nyeusi si ajabu, kwa kuwa kazi yake ni kubeba uchafu. Lakini ikiwa imegeuka kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa yanuka petroli na imezidi kipimo bila mtu kuiongeza, yaelekea petroli inavuja kutoka katika kabureta na kushukia ndani ya tumbo la injini. Katika hali zote mbili usiwashe. Mwite fundi atafute sababu, kisha oili yote ibadilishwe.

Kubadili oili hufanywa kwa saa. Injini mpya hubadilishwa mapema, na wenye viwanda wengi husema baada ya saa 5 au 8 za kwanza, ili chembe za chuma zilizotoka wakati vyuma vikizoeana zitolewe nje. Baada ya hapo vitabu vingine huagiza kila baada ya saa 50 na vingine saa 100. Penye vumbi jekundu na kazi nzito ni busara kushika ile hesabu ndogo. Shule inayokata uwanja wake mara mbili kwa juma, saa tatu kila mara, hutimiza saa 50 katika majuma manane na siku chache, hata kabla muhula haujaisha. Basi wale wanaobadili oili mara moja kwa mwaka wamechelewa sana.

Namna ya kubadili ni rahisi. Washa injini dakika chache ipate joto, kwa sababu oili ya moto kiasi hutoka upesi na kuchukua uchafu wake. Izime, toa ufunguo, uvute waya wa plagi na kuuweka mbali. Weka karai chini ya kizibo cha kumwagia, fungua, uache oili itoke yote, ukiangalia isikuunguze. Kama injini ina chujio la oili, nalo libadilishwe kwa wakati ulioagizwa, na mpira wa chujio jipya upakwe oili kidogo kabla ya kulifunga kwa mkono. Injini za silinda moja za mashine hizi nyingi huchukua karibu lita 1.4, na zile za silinda mbili karibu lita 1.9, ingawa kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho.

Kuhusu aina, oili ya daraja la SAE 30 yafaa katika nchi ya joto kama yetu, na ile ya 10W-30 nayo hukubaliwa na wengi, hasa penye asubuhi za baridi. Juu ya mkebe tafuta herufi zinazoonyesha kwamba ni ya injini za petroli, kuanzia SF na zilizofuata baadaye kama SG, SH na SJ. Usichanganye oili na petroli katika injini hii. Mchanganyiko huo ni wa injini za hatua mbili, kama misumeno mingi ya kukatia miti. Oili iliyokwisha kutumika iwekwe katika debe lenye kifuniko na kupelekwa gereji inayokusanya. Isimwagwe mtoni wala karibu na kisima, na mikono ioshwe kwa sabuni.

HEWA SAFI

Adui wa pili ni vumbi. Injini huvuta hewa nyingi sana, na dereva anapokata majani wakati wa kiangazi huizungushia mashine wingu la mchanga na mabua. Vumbi likipita chujio la hewa hushikana na oili na kuwa kama msasa unaosugua silinda. Injini iliyoliwa hivyo hupoteza nguvu, hula oili, na kutoa moshi wa buluu, wala hakuna dawa ila kuifungua na kubadili vyuma.

Katika mashine nyingi chujio lina sehemu mbili, sponji nje na karatasi iliyokunjwa ndani. Sponji hufuliwa kila baada ya saa 25 kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Hukamuliwa bila kusokotwa, huanikwa mpaka ikauke kabisa, na kama kitabu kimeagiza hutiwa matone machache ya oili safi na kuminywa. Karatasi haifuliwi wala haipakwi oili. Igongwe polepole juu ya kitu kigumu vumbi lianguke, na ikiwa nyeusi au imechanika, inunuliwe mpya. Wako watu wanaopuliza karatasi kwa hewa ya kujazia tairi. Haifai, kwa maana hewa hiyo huitoboa matundu yasiyoonekana kwa macho. Penye vumbi jingi saa 25 ni nyingi mno, na chujio lifunguliwe kila juma.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuendesha injini bila chujio. Huanza hivi: chujio limeziba, injini inakosa nguvu, dereva analitoa, na mara injini inanguruma vizuri. Wote wanafurahi, na chujio husahauliwa rafuni. Injini hiyo imekwisha kuanza kufa siku ile ile iliyosifiwa.

JOTO

Injini hii haina maji ya kupoozea kama motokaa. Hupozwa na upepo. Gurudumu zito lililo juu ya injini lina mapanga yanayovuta hewa na kuipuliza katikati ya mbavu nyembamba za chuma zinazoizunguka silinda. Majani makavu yakijaa juu ya wavu au katikati ya mbavu hizo, upepo hauna njia. Dereva haoni kitu, kwa sababu kifuniko kimeficha, lakini ndani joto linapanda na oili inakuwa nyepesi kama maji.

Kila siku, injini ikiwa imezimwa na imepoa, wavu wa juu usafishwe kwa brashi. Walau mara moja kwa msimu, au kila baada ya saa 100, kifuniko kifunguliwe na mbavu zote zisafishwe kwa kijiti na brashi. Mashine iliyolala muda mrefu ifunguliwe kabla ya kuwashwa, kwa kuwa panya hupenda sana kujenga humo. Usiimwagie maji injini iliyo moto, maana chuma cha moto kikipata baridi ya ghafula huweza kupasuka, na maji huingia mahali pasipostahili.

Hapa pana neno la kuwasaidia madereva. Wengi hukata majani injini ikiwa imepunguzwa mafuta, wakidhani wanaihurumia. Kwa kweli wanaitesa. Mapanga ya kupoozea hufungwa katika injini yenyewe, na injini ikizunguka polepole upepo nao hupungua wakati mzigo ni mzito. Wakati wa kukata, mkono wa mafuta uwe juu, na mwendo wa magurudumu ndio upunguzwe. Visu navyo vinolewe, kwa kuwa kisu butu hung'oa majani badala ya kuyakata, na uzito wote huo hubebwa na injini.

PLAGI, NA HABARI ZA NCHI YA JUU

Plagi itolewe na kutazamwa kila baada ya saa 100 au mara moja kwa mwaka, nayo ni rahisi kiasi kwamba haina haja ya kubembelezwa. Ikiwa imekwisha, nunua mpya ya namba ile ile. Nafasi ya cheche katika injini nyingi za namna hii ni karibu robo tatu ya milimita, yaani 0.7 hadi 0.8. Ifunge kwanza kwa vidole mpaka ikae, ndipo uikaze kwa spana, plagi mpya nusu mzunguko tu. Mwenye kukaza kwa nguvu zake zote huharibu nyuzi za kichwa cha silinda, na gharama yake si ya plagi tena.

Plagi ni kama barua kutoka ndani ya injini. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli ni nyingi au hewa ni haba, basi tazama chujio kwanza. Ikiwa imelowa oili, vyuma vya ndani vimeanza kulika, au oili imezidishwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inapata joto kupita kiasi.

Kwa wakaao nchi ya juu liko jambo jingine. Hewa ya huko ni nyepesi, na kwa kila mita 300 mtu anazopanda, injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret zaidi ya mita 2,000. Mashine ambayo Mombasa ina nguvu kamili, ikipelekwa mahali pa mita 1,700 itakuwa imepoteza karibu sehemu moja katika tano, bila ubovu wowote. Tena kwa kuwa hewa imepungua na petroli haikupungua, plagi huwa nyeusi na petroli hutumika zaidi. Dawa yake ni fundi kuweka katika kabureta kipande chenye tundu dogo zaidi, kilichotengenezwa kwa nchi ya juu. Na mashine hiyo ikishuka tena pwani sharti irudishiwe kipande chake cha kwanza, isije ikaungua.

PETROLI

Petroli huchacha kama chakula. Ikikaa zaidi ya siku 30 hivi, sehemu zake nyepesi hupotea, na zinazobaki huanza kuwa utomvu unaoziba matundu ya kabureta. Nunua kiasi cha kazi ya juma moja au mawili, katika chombo safi chenye kifuniko, na utie kwa faneli yenye wavu. Chujio dogo la petroli lililo katika mpira wake libadilishwe kila mwaka.

Katika sehemu nyingi za Kenya mvua kubwa hunyesha kutoka Machi mpaka Mei, na mvua ndogo kutoka Oktoba mpaka Desemba. Kati ya misimu hiyo mashine huweza kulala majuma mengi. Kabla ya kulala, petroli itolewe tangini, kisha injini iendeshwe nje mpaka izime yenyewe, ili kabureta isibaki na kitu. Oili ibadilishwe wakati huo huo, kwa maana oili chafu ina asidi inayokula chuma. Waya za betri zifunguliwe, na vichwa vyake visafishwe. Msimu ukirudi, mashine itawaka siku ya kwanza, wakati mashine ya jirani inangojea fundi na majani yanafika magotini.

USALAMA

Yeyote asitie mkono chini ya mashine wala asiguse visu kabla ya kuzima injini, kutoa ufunguo, na kuuvuta waya wa plagi. Kisu kikizungushwa kwa mkono chaweza kuizungusha injini, na ikipata cheche vidole huenda. Petroli isitiwe injini ikiwa moto, wala karibu na sigara. Wala injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu wengi bila wao kujua.

DAFTARI

Sasa tufike penye shina la jambo. Karibu kila mtu akiyasoma haya atasema kwamba ni mepesi. Mbona basi mashine nyingi za shule na hospitali huonekana zimelala chini ya mti, zimeota majani yale yale zilizonunuliwa kuyakata?

Sababu ni kwamba chombo cha wote mara nyingi hakina mwenyewe. Dereva hudhani oili ni kazi ya msimamizi. Msimamizi hudhani karani ameagiza. Karani anangoja karatasi yenye sahihi, na mwenye kutia sahihi aona kwamba mashine ingali inanguruma, basi oili na ingoje mwezi ujao. Siku injini inapokamata, wote watatu humgeukia dereva, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitini. Hufukuzwa kazi au kukatwa mshahara kwa sababu ya lita moja na nusu ya oili ambayo hakupewa. Huo ni udhalimu, na tena haurudishi injini.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari dogo, ulifunge kwa kamba katika banda la mashine pamoja na kalamu. Kila siku dereva aandike tarehe, saa aliyowasha na saa aliyozima, na kama amepima oili. Mashine nyingi za siku hizi zina saa yao ya kuhesabu kazi ya injini, na hapo kuandika namba moja kwatosha. Oili ikibadilishwa, chujio likifuliwa, plagi ikinunuliwa, yaandikwe kwa wino mwekundu, pamoja na saa za injini siku hiyo. Mtu mmoja, jina lake likiwa juu ya jalada, awe ndiye wa kulitazama daftari kila Ijumaa. Na dereva akiomba oili kwa wakati wake asipewe, ombi lake na jibu alilopewa yaandikwe vile vile. Hapo kila mmoja atajua mzigo wake, na mnyonge hatabebeshwa wa mwingine.

Kwa kuwarahisishia wasomaji, twaweka hapa orodha fupi inayoweza kunakiliwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari, isahihishwe kwa kitabu cha mashine yenyewe.

Kila siku: pima oili, safisha wavu wa juu, tazama kama petroli au oili inavuja, ondoa majani kuzunguka ekzosi, yasije yakashika moto.

Kila baada ya saa 25, au kila juma penye vumbi: fua sponji ya chujio la hewa na kung'uta karatasi.

Kila baada ya saa 50: badili oili, noa visu, safisha vichwa vya betri.

Kila baada ya saa 100, au mwaka mmoja: badili chujio la oili na plagi; badili karatasi ya chujio la hewa ikiwa imechakaa; badili chujio la petroli; fungua kifuniko na kusafisha mbavu za silinda; na fundi apime nafasi za vali kama kitabu kilivyoagiza.

Mwisho wa msimu: toa petroli, badili oili, fungua waya za betri, funika mashine mahali pakavu.

Mkulima mwenye pampu aweza kuifuata orodha hiyo hiyo, akiacha habari za visu, na za betri kama pampu yake haina. Atakapopima na kuandika kwa mwaka mmoja, ataona kwamba fedha alizotumia kwa oili na machujio ni sehemu ndogo tu ya bei ya injini mpya, na kwamba hakuna siku mboga zake zilizokauka kwa kungojea fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika habari za injini ufa wenyewe huzibwa kwa kitambaa safi na kijiti cha kupimia oili, kila asubuhi kabla ya kuwasha.